Maswali ya Wasomaji: Giza la Kioo na Joto Ndani ya Gari

Tangu jua la Januari lilipoanza kuchoma, barua zinazofika kwenye ukurasa huu zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa maneno tofauti: ni tinti ipi inayopunguza joto kweli, na ni ipi inayoligeuza gari kuwa jeusi tu. Toleo hili nimeliachia suala hilo peke yake, kwa kuwa wasomaji wengi wanalipa fedha nyingi kwa kitu wasichokipata, na wengine wanapoteza uwezo wa kuona barabara usiku wakidhani wamenunua ubaridi. Barua nilizozichagua nimezifupisha, lakini swali la kila mwandishi nimeliacha kama alivyoliuliza.

Shikamoo fundi. Ninaendesha Toyota IST ya kubeba abiria hapa Dar es Salaam. Mwaka jana niliweka tinti nyeusi kuliko zote alizokuwa nazo fundi, ile ambayo mtu wa nje hamwoni kabisa aliye ndani. Mbona saa saba mchana gari bado ni tanuri, na mkono wangu wa kulia unaungua vilevile? (Dereva, Tabata)

Marahaba, mwanangu, na pole kwa jua. Ulichonunua ni giza, na giza hilo limefanya kazi yake ya kukata mwanga. Joto lina njia nyingine ya kuingia, na njia hiyo fundi wako hakuiziba.

Nishati ya jua inayofika ardhini ina mafungu matatu. Ukiichukulia kuwa sehemu mia moja, takriban sehemu 44 ni mwanga tunaouona kwa macho, takriban 3 ni mionzi ya urujuanimno, ile inayodhuru ngozi na kupausha viti, na sehemu 53 hivi ni mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni lakini ngozi huihisi papo hapo kama joto. Tinti ya rangi tupu, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyojaa mitaani, ni karatasi ya plastiki iliyotiwa rangi nyeusi. Rangi hiyo hupunguza fungu la mwanga, lakini sehemu kubwa ya infraredi hupita kana kwamba hakuna kilichobandikwa pale.

Zaidi ya hapo, ule mwanga uliokatwa haukurudishwa nje. Umefyonzwa na rangi na kugeuka joto ndani ya kioo chenyewe. Siku ukiegesha juani saa saba mchana, weka kiganja kwenye kioo cha mlango kwa upande wa ndani, uhesabu hadi tano, nawe utaona jinsi unavyotamani kukiondoa kabla hujafika mwisho. Gari likiwa mwendoni, upepo wa nje hupoza kioo na kuondoka na sehemu ya joto hilo. Likisimama kwenye foleni, hakuna upepo, na joto hugeukia ndani, kwako na kwa abiria wako.

Kwa hiyo kinachoamua ni kile kilichomo ndani ya karatasi. Tinti yenye tabaka jembamba la metali hurudisha joto vizuri, ila metali hiyohiyo husumbua mawimbi ya redio, ya simu na ya ramani, na kwa dereva anayepata abiria kupitia simu sipendekezi. Tinti ya kaboni haipauki upesi, haigusi mawimbi, na kwa joto iko katikati. Tinti ya seramiki ina chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, ambazo huzuia sehemu kubwa ya infraredi huku zikiuacha mwanga upite, na ndiyo maana bei yake ni ya juu. Seramiki nzuri inayopitisha asilimia 40 ya mwanga inaweza kuzuia joto zaidi kuliko karatasi ya rangi inayopitisha asilimia 5. Watu wengi hawaniamini ninaposema hivyo mpaka waketi ndani ya magari mawili yaliyoegeshwa bega kwa bega.

Kuna jambo linalohusu magari yetu mengi yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa huku. Kule sheria inataka vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, hivyo magari hufika yakiwa meupe mbele, na mengi yana vioo vya giza nyuma. Lile giza la nyuma si karatasi iliyobandikwa. Ni kioo kilichotiwa rangi kiwandani wakati wa kuyeyushwa, nacho hufyonza joto kama nilivyoeleza. Mtu akibandika tinti juu ya kioo hicho, asilimia hazijumlishwi, huzidishwa. Kioo cha kiwandani kinachopitisha asilimia 25, kikibandikwa karatasi ya asilimia 35, hubaki kikipitisha asilimia 9 hivi, na hapo kurudi nyuma usiku katika uchochoro wenye watoto ni kubahatisha. Kwa vioo hivyo chagua seramiki nyeupe, ya asilimia 70 kwa mfano, itakayopunguza infraredi na kukuachia mwanga wa asilimia 17 au 18.

Tazama pia jua linakokujia. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri huwa juu ya utosi kabisa. Saa hizo za mchana joto kubwa huingia kupitia paa na kioo cha mbele, ambacho ni kikubwa na kimelala kuelekea angani, wakati vioo vya milango hupigwa zaidi asubuhi na jioni. Ndiyo sababu gari lenye milango myeusi kama lami bado hugeuka tanuri saa saba: kinga imewekwa upande ambao jua halipo.

Ningekuwa wewe, ningeibandua ile nyeusi kwenye milango ya mbele, nikaweka seramiki ya asilimia 70 hapo na kwenye vioo vya nyuma, kisha ningenunua kinga ya kukunja yenye rangi ya fedha ya kuweka nyuma ya kioo cha mbele kila ninapoegesha. Kinga hiyo ni ya bei ndogo kuliko chochote nilichokitaja, nayo hurudisha jua nje kabla halijaifikia dashibodi na usukani. Na kabla ya kulipa senti moja ya tinti, fika kwa askari wa usalama barabarani uulize kiwango kinachokubaliwa kwa gari la biashara kama lako, maana magari ya abiria huangaliwa kwa ukali zaidi.

Assalaam alaykum. Niko Mombasa, na nimezunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza asema tinti yake yazuia asilimia 99, wa pili 97, na wa tatu, ambaye ndiye ghali kuwashinda wote, asema 58 tu. Yule wa kwanza alinionyesha kwa taa ya joto, na mkono wangu haukuhisi kitu. Nimwamini nani? (Msomaji, Nyali)

Wa alaykum salaam. Inawezekana wote watatu wamekuambia kweli, kila mmoja akizungumzia kitu tofauti, na wa tatu ndiye aliyejibu swali ulilokuwa unauliza.

Asilimia 99 kwa kawaida ni kiasi cha mionzi ya urujuanimno kinachozuiwa. Karibu kila tinti yenye ubora wa wastani hufikia hapo, na ni jambo jema kwa ngozi na viti, lakini nimesema juu kwamba fungu hilo ni sehemu 3 hivi tu katika mia. Ukilizuia lote, joto la gari litabaki karibu palepale. Asilimia 97 mara nyingi ni ya infraredi, na hapa inafaa kuuliza imepimwa wapi. Infraredi ya jua huanzia kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 780 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na kuendelea hadi 2,500 hivi, lakini baadhi ya wauzaji hupima kipande kidogo tu, kati ya 900 na 1,000, mahali ambapo karatasi yao inafanya vizuri, kisha huandika namba hiyo kana kwamba ni ya infraredi nzima. Ni sawa na mtu kukuonyesha chumba kimoja kilichopakwa rangi na kukuuzia nyumba yote.

Namba ya kuulizia ni ile ya jumla ya nishati ya jua inayozuiwa, ambayo kwenye karatasi za kiwanda huandikwa kwa herufi TSER. Namba hii hukusanya mafungu yote matatu, na huhesabu pia lile joto lililofyonzwa na kioo ambalo sehemu yake hurudi ndani. Kwa sababu hiyo huwa ndogo kuliko zile za matangazo. Kioo kitupu cha kawaida cha milimita 3 chenyewe huzuia takriban asilimia 14, kwa hiyo karatasi inayofikisha 58 imefanya kazi kubwa. Anayekuambia kwamba tinti nyeupe, unayoona kupitia kwake kama hakuna kitu, inazuia asilimia 90 ya joto lote, amesahau kwamba mwanga wenyewe ukishaingia na kukipiga kiti hugeuka joto, na mwanga huo ni karibu nusu ya nishati yote.

Ukishapata namba hiyo, iulize pamoja na namba ya mwanga unaopita, yenye herufi VLT, kwa karatasi ileile. Ukiwa na hizo mbili, unaweza kulinganisha mafundi kumi bila kumsikiliza yeyote akijisifu. Kati ya karatasi mbili zinazopitisha mwanga sawa, iliyo bora ni ile yenye namba kubwa ya jumla.

Taa ya joto si utapeli, ila huonyesha kipande cha ukweli. Taa ile hutoa infraredi kwa wingi na mwanga kidogo, tofauti na jua, kwa hiyo huipendelea karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya infraredi. Pia maonyesho huchukua nusu dakika, muda ambao karatasi inayofyonza joto bado haijapata moto. Mwombe fundi aiache taa ikiwaka kwa dakika tano, kisha rudisha mkono palepale, na ukiguse kioo cha majaribio kwa upande wako. Iwapo kioo kimekuwa cha moto sana na mkono umeanza kuhisi joto linalotoka kwenye kioo badala ya taa, utakuwa umejifunza jambo ambalo nusu dakika haikuonyesha. Fanya hivyo kwa karatasi za wote watatu, mfululizo.

Kisha omba kuona rola lenyewe, si kipande kilichokatwa. Rola halisi huwa na jina la mtengenezaji na namba ya toleo, na dhamana huandikwa kwenye karatasi yenye namba hiyohiyo. Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa nami niliwahi kununua rola lenye lebo nzuri kutoka kwa muuzaji mmoja wa jumla, nikalifunga kwenye gari la mteja, na kabla ya mwaka kwisha vioo vilikuwa vimeanza kuwa vya zambarau. Nilibandua yote na kurudia kazi kwa gharama yangu, kwa sababu mteja alinilipa mimi na si yule muuzaji. Tangu siku hiyo, kila rola jipya nalikata kipande cha ukubwa wa kiganja, nachuna ile plastiki ya kinga, na kusugua upande wa gundi kwa kitambaa chenye asetoni, dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Gundi ikitoka pamoja na weusi wote, na karatasi ikabaki nyeupe, najua rangi ilitiwa kwenye gundi, na karatasi ya namna hiyo haidumu katika jua la pwani. Fundi mwaminifu hatakasirika ukimwomba akufanyie jaribio hilo.

Jaribio jingine halihitaji dawa yoyote. Shika kipande cha karatasi kuelekea taa jioni, au kuelekea kwenye maji yanayometa, ukiinamishe kidogo. Ukiona ukungu wa maziwa, fahamu kwamba ukungu huohuo ndio utakaouona mbele ya taa za magari yanayokuja.

Mwanangu ana miaka sita na ana ualbino. Kila siku nampeleka shule kwa gari, karibu dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Namvalisha kofia na shati la mikono mirefu, lakini nimeambiwa kwamba akiwa ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa jua haliwezi kumdhuru. Je, ni kweli? (Mama, Moshi)

Mama, hongera kwa kumlinda mtoto, na naomba ulichoambiwa usikifuate. Kioo kinazuia sehemu moja tu ya hatari.

Mionzi ya urujuanimno inayotufikia ni ya aina mbili kuu. Ile iitwayo UVB, inayobabua ngozi na kuifanya nyekundu, huzuiwa karibu yote na kioo cha kawaida. Ile iitwayo UVA huingia ndani zaidi ya ngozi, huidhuru polepole bila maumivu ya haraka, na sehemu kubwa yake hupita kwenye vioo vya kawaida vya milango. Kioo cha mbele ni tofauti: kimetengenezwa kwa vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na tabaka la plastiki katikati, ili kisivunjike vipande, na tabaka hilo huzuia UVA karibu yote. Kwa hiyo mtoto aliyeketi nyuma, karibu na mlango, anakaa mahali penye kinga ndogo kuliko dereva anayetazama mbele.

Madhara haya yaliwahi kuonekana kwa macho. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mwanamume wa Marekani mwenye umri wa miaka 69, aliyeendesha lori la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Nusu ya kushoto ya uso wake, iliyokuwa upande wa dirisha, ilikuwa na makunyanzi mazito na ngozi nene, wakati nusu ya kulia ilikuwa ya mtu wa umri wake. Kwetu, tunaokaa upande wa kulia wa gari, ni shavu na mkono wa kulia. Na huyo hakuwa na ualbino. Kwa ngozi isiyo na melanini ya kutosha, ile rangi ya asili inayoikinga ngozi na jua, hatari huja mapema zaidi na ni kubwa zaidi, ikiwemo saratani ya ngozi.

Habari njema ni kwamba kinga unayoihitaji haidai giza. Karatasi nyeupe kabisa, inayopitisha asilimia 70 au zaidi ya mwanga, inaweza kuzuia asilimia 99 ya urujuanimno. Mwambie fundi kwamba unachonunua ni kinga ya ngozi, na umtake aonyeshe kwa maandishi ya kiwanda kwamba namba hiyo inafika hadi nanomita 400, kwa sababu karatasi nyingine huhesabiwa hadi 380 tu na kuiacha sehemu ya mwisho ya UVA ipite. Iwekwe kwenye vioo vyote vya milango na vya nyuma, na kile kidirisha kidogo cha pembeni ambacho mafundi wengi hukiruka kwa kuwa kinasumbua kukata.

Macho ya mtoto wako nayo huenda yanaumizwa na mwanga mkali. Hapo giza kiasi kwenye kioo cha mlango wake wa nyuma linaweza kumsaidia, lakini likizidi kile kinachoruhusiwa, nenda kwanza kwa daktari wa macho au wa ngozi akupatie barua, kisha uipeleke kwa polisi wa usalama barabarani mzungumze kabla ya kubandika. Tinti hiyo haiondoi kofia, wala shati la mikono mirefu, wala krimu ya kinga. Hapo Moshi mko jirani na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ambako hutengenezwa krimu ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kama mtoto bado hajaandikishwa kliniki, mpeleke. Gari likiharibika njiani, au akiteremka kuingia darasani, kioo kinabaki nyuma na yeye anabaki na ngozi yake.

Tinti yangu imekuwa ya zambarau na kioo cha nyuma kimejaa malengelenge. Fundi wa mtaani anataka kubandika mpya juu yake ili kupunguza gharama. Nikubali? (Msomaji, Tanga)

Usikubali. Rangi ya zambarau ni dalili kwamba rangi iliyotiwa kwenye karatasi imekufa kwa jua, na malengelenge ni dalili kwamba gundi imeachia. Ukibandika juu yake, mpya itashika mahali ambapo ya zamani bado imeshika, na itainuka kila palipoinuka.

Ibanduliwe yote, na kioo cha nyuma kishughulikiwe kwa upole. Ile mistari myembamba unayoiona ni nyaya za kuondoa ukungu, zimepakwa juu ya kioo kwa upande wa ndani, na katika magari mengi antena ya redio nayo imo humohumo. Fundi akiingia na wembe, atakata nyaya hizo na huenda usipate redio tena. Njia nzuri ni mvuke: karatasi hupashwa moto taratibu mpaka gundi ilainike, kisha huvutwa kutoka pembeni kwa mkono, ikishuka pamoja na gundi yake. Ni kazi ya saa nzima au zaidi kwa kioo hicho kimoja, na fundi anayekuambia dakika kumi anakusudia wembe.

Ukishafungiwa mpya, usishushe vioo kwa siku tatu hadi tano, kwa sababu gundi bado ina maji. Vipovu vidogo vya maji na ukungu mwepesi huisha vyenyewe baada ya siku kadhaa, hata wiki mbili tatu wakati wa mvua. Kipovu chenye chembe ya vumbi katikati hakiishi. Rudi nacho kwa fundi. Osha kwa maji ya sabuni laini na kitambaa kisichokwaruza, na uziepuke dawa za kusafishia vioo zenye amonia.

Mimi nafanya kazi Dubai na ndugu yangu anaishi Leicester. Tumenunua tinti moja ya asilimia 50 kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Yangu imepita ukaguzi, yake imekataliwa. Kuna ubaguzi gani hapa? (Msomaji, Dubai)

Hakuna ubaguzi, ni sheria mbili. Katika Falme za Kiarabu, tangu mwaka 2017 giza la vioo vya pembeni na vya nyuma limeruhusiwa hadi asilimia 50, na kioo cha mbele hakiguswi. Uingereza wanapima kinachopita: vioo vya milango ya mbele lazima vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, na kioo kikubwa cha mbele angalau 75, kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1985. Kipimo ni cha kioo na karatasi kwa pamoja. Kioo cha kiwandani kinachopitisha 78, kikiwekewa hata karatasi ya 70, hushuka hadi 55 hivi. Ndugu yako avibandue vya mbele na aviache vya nyuma, kwani vioo vilivyo nyuma ya dereva havina kiwango kule.

Nichukue nafasi hii kuwakumbusha wasomaji wote kwamba nchi hizo zina sheria tofauti za giza la vioo lakini zote mbili zinakilinda kioo cha mbele, na sababu haibadiliki popote. Anayetoka Segera kuelekea Chalinze usiku anajua kwamba anayemhofia si lori lenye taa, ni baiskeli isiyo na taa na mtu aliyevaa nguo nyeusi pembeni mwa lami. Jicho la mtu wa miaka sitini hupokea mwanga pungufu kuliko la kijana, na kioo cheusi humpunguzia hata huo kidogo.

Nimeweka seramiki ya bei kubwa, na gari sasa halichomi kama zamani. Naweza kumwacha mtoto aliyelala ndani kwa dakika chache nikiingia dukani? (Baba, Dodoma)

Hapana, ndugu yangu, hata kidogo. Tinti hupunguza kasi ya joto kuingia. Gari lililofungwa juani litaendelea kupata moto, na mwili wa mtoto mdogo hupanda joto upesi sana kuliko wa mtu mzima. Watafiti wa Marekani waliopima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2005 walikuta kwamba ndani ya gari lililoegeshwa, joto huongezeka kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, hutokea katika dakika 30 za kwanza. Walijaribu pia kuacha vioo vikiwa wazi kidogo, na hali haikubadilika kwa maana yoyote. Dakika chache za dukani hukutana na foleni ya malipo, na mtoto aliyelala halii. Mbebe uingie naye.

Mnaporudi, fungua milango ya pande zote mbili kwa dakika moja ili hewa iliyochemka itoke kabla ya kuwasha kiyoyozi, na kabla ya kumfunga mkanda gusa kwanza kile kifungo chake cha chuma kwa upande wa nyuma wa mkono wako. Tinti haikukifikia, jua lilikikuta kupitia kioo cha mbele, na paja la mtoto ndilo litakaloligundua hilo kabla yako.